Unga Wetu na Mguu Wako

Kasulu Mjini,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba huku unamtupia jicho shemeji Mwanaidi anayekusomea, unataka kuona karatasi ni ngapi. Barua ni ndefu, Mama. Mwambie avute kigoda akae, na nawe ukae vizuri. Mimi mzima. Kile kikohozi kimeisha, nakula nashiba, na baridi ya huku asubuhi inanikumbusha Bumbuli mpaka natafuta lile sweta ulilonifumia. Kaka Shabani hajambo? Watoto wake je? Na wewe shemeji, shikilia hapohapo, usome kila neno na usiruke hata moja.

Kuhusu wewe, Mama, hata sijui nianzie wapi. Tangu kabla ya Idi nakupigia simu nauliza mguu unaendeleaje, nawe jibu lako ni lilelile: "Umepona, baba, natembea kama msichana." Lakini simu siku hizi inaita mpaka inakaribia kukata ndipo unaipokea, na zamani ulikuwa unaidaka kabla sijaiweka sikioni. Nikimuuliza kaka, anasema muulize mama mwenyewe. Nikimuuliza shemeji, anacheka halafu ananiuliza hali ya hewa ya Kigoma.

Sasa sikiliza. Ofisi imeniomba nibaki huku mwaka mwingine. Mkataba uko hapa mezani mbele yangu, na jibu wanalitaka wiki hii. Kama mguu wako umepona kweli, naweka saini nabaki. Kama haujapona, narudi nyumbani. Ndiyo maana nataka ukweli, siyo maneno ya kunituliza. Na ukitaka kujua kwa nini mwanao amekuwa mbishi kiasi hiki, ngoja nikusimulie yaliyonipata na unga.

Unajua kazi yangu, ingawa majirani wakikuuliza unawaambia nahesabu watu. Sihesabu watu, Mama. Kampuni ikitaka kupeleka bidhaa mahali, inatutuma sisi kwanza tukajue kama watu wataitaka, na kwa nini. Safari hii ni kampuni ya Dar es Salaam inayosaga unga wa muhogo. Unga wenyewe mweupe pee, laini, uko kwenye pakiti ya plastiki yenye picha ya mwanamke amebeba sinia. Wameona waulete huku Uha kwa sababu huku ugali ni wa muhogo. Ukimpikia mtu wa mahindi atakula na kushukuru, lakini moyoni anajua bado hajala. Mpango ulikuwa kwamba sisi tukirudisha majibu mazuri, kampuni inajenga mashine hapa Kasulu na kuwaambia wakulima wa Kagerankanda wapanue mashamba. Na wakulima wenyewe walikuwa wameshaanza kufyeka kwa kusikia tetesi tu.

Tulianzia Kibondo, kata ya Murungu. Mimi ndiye msimamizi, na chini yangu kuna wahoji wachache. Mmoja ni Skolastika, binti wa hapahapa Kasulu aliyesoma chuo Kigoma, Muha wa damu, mdomo wake hauna likizo. Tulifanya kila kitu kama tulivyofundishwa. Tuliripoti kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye kwa heshima zake akatusindikiza nyumba hadi nyumba. Kila nyumba tulitoa kwanza pakiti ya unga, shukrani kwa muda wao, halafu ndipo maswali. Nami kwa kuwa ni mwanamume na tena mgeni, kila nilipobisha hodi nilitolewa kiti uani, kikapanguswa vumbi kwa kanga, na baba mwenye nyumba akaja kukaa nami. Tukaamkiana kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, tukaulizana habari za mvua. Aliyejibu maswali ni yeye. Mama anayenunua unga na kuusonga alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, na huko mimi sikufika.

Kwa ajili ya kupima mtu amependa kiasi gani, tulikuwa na kadi yenye sura zilizochorwa, ya kwanza inalia, zinabadilika kidogo kidogo mpaka ya mwisho inayocheka meno yote nje. Mtu anagusa ile inayolingana na moyo wake. Basi kila mtu aligusa inayocheka. Mzee mmoja aliichunguza sana ile inayolia, akaniuliza kwa upole ni ya nini. Nikamweleza ni ya mtu ambaye unga haujampendeza kabisa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza mtu wa namna hiyo amelelewa na nani.

Nikatuma majibu Dar. Meneja akapiga simu mwenyewe, sauti imejaa furaha, akasema tangu aanze kazi hajaona bidhaa inayopokelewa hivi. Nami nikafurahi, nisikufiche. Nilijiona nimeiweza Kibondo.

Wiki iliyofuata tukawa tunahamia Kasulu, na tairi likapasuka palepale Murungu, jirani na kwa yule mzee wa kadi. Dereva akawa anahangaika na jeki, na mke wa mzee akatuita tule. Akaleta ugali wao, wa kijivu kidogo, na ile harufu ya muhogo uliovundikwa inakupokea kabla hujanawa mikono. Na maharage pembeni. Nikala sana. Nikiwa nashukuru, nikauliza kwa utani kama ule ndio unga wetu. Yule mama akanishangaa. Akainua pazia la mlango akanionyesha kwa kidole, nami kwa mara ya kwanza nikachungulia ndani ya nyumba niliyoihoji. Pakiti yetu ilikuwa juu ya kabati, katikati ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Haijafunguliwa.

"Ile ni zawadi," akasema. "Nikiimaliza, mgeni akirudi nitamwonyesha nini?"

Tairi liliposhughulikiwa tukapita nyumba za jirani kusalimia. Hali ni hiyohiyo. Kwingine pakiti iko kabatini, kwingine wamempelekea mchungaji, kwingine imekwenda kwa mama mkwe na salamu. Aliyeipika hatukumpata. Skolastika alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Alipopata pumzi akaniambia, "Bosi, umempa mtu unga mkononi, umekalia kiti chake, mwenyekiti wake amesimama pale. Halafu unamuuliza kama unga wako mbaya? Hata mimi ningegusa inayocheka." Nikamuuliza mbona hakusema siku ya kwanza. Akakiri kwamba na yeye aliyaona majibu yanapendeza, akayafurahia, hakufikiri zaidi. Tukacheka wote, ila mimi kicheko hakikudumu, maana ripoti ilishafika Dar na watu wa Kagerankanda wanafyeka.

Nikampigia Meneja nikamwambia majibu yale si majibu, ni adabu za watu. Hakupenda. Akasema muda wa kazi umekwisha, na kama naona lazima nirudie, nirudie kwa siku zangu za likizo. Hizo ndizo siku nilizokuwa nimeziweka nije nyumbani Idi. Unakumbuka nilivyokupigia kusema siji, nawe ukasema hakuna shida, baba, kazi kwanza. Niliumia, Mama, lakini sikuona namna ya kuwaacha wale watu wapande muhogo wa unga unaoishia kabatini. Nikaamua nabaki, na huu unga nitaujua mpaka mwisho wake.

Tulipofika Kasulu sikuuliza mtu swali lolote. Nilikwenda Makere siku ya soko, nikamwomba mwenyekiti wa huko kwa heshima asijisumbue kunisindikiza, nikakaa karibu na mama mmoja muuza unga, nikimsaidia kufunga mizigo ya wateja. Kazi yangu ilikuwa kutazama tu. Na nilichokiona, nilishangaa sikukijua mapema. Mwanamke wa huku hamuulizi muuzaji kama unga ni mzuri. Anachota kidogo kwa vidole, anausugua, anaupeleka puani. Halafu anapenyeza mkono mpaka chini ya gunia anachota tena, maana anajua mzuri huwekwa juu. Wengine wanagusisha ulimini. Wakiridhika ndipo wanafungua mafundo ya kanga. Pakiti yetu waliiminya, wakaigeuza, wakainusa ikanuka plastiki, wakairudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Nikamweleza Meneja. Akasema kwa kutazama tu huwezi kujua sababu, pengine tatizo ni plastiki, tufungue pakiti waunuse. Hapo alikuwa na haki, nami nikamwambia hivyo. Kwa hiyo tukafanya jaribio. Tukapanga meza mbili sokoni, unga uleule, bei ileile. Meza moja ina pakiti zilizofungwa, nyingine tumeumimina ndani ya gunia wazi na kopo la kupimia. Tukauza mchana kutwa. Zile pakiti zilitoka chache. Gunia wazi halikuuzika, wanawake walichota, wakanusa, wakaaga kwa tabasamu. Mimi nikawa tayari kuandika ripoti, Skolastika akanizuia. Meza ya gunia tulikuwa tumeiweka mwisho kabisa wa soko, karibu na wachinja mbuzi, na meza ya pakiti ilikuwa pale watu wanapoingilia. Akaniuliza tumepima unga au tumepima mahali. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa sahihi na jua lilikuwa limenichosha. Tukangoja siku nyingine ya soko, tukabadilisha meza, gunia likaja mlangoni. Likashindwa tena.

Hapo nikaamini. Plastiki ilikuwa inatusaidia, Mama. Unga ukifungwa, mtu ananunua kwa kutaka kujua. Ukifunguliwa, anajua. Mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi alisimama sana pale gunini, akanusa tena na tena, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, ambako ugali ni fufu na nzuri ni bien, "Fufu yenu iko bien, papa, lakini haiko na harufu. Nitajuaje kama nimekula?" Unga wa kampuni hauvundikwi. Muhogo unakaushwa kwa mashine siku hiyohiyo na kusagwa. Huko Dar wanaona wameondoa harufu mbaya, kumbe wameondoa chakula chenyewe.

Lakini sikutaka Meneja aseme ni maneno ya mama mmoja. Nilitaka kipimo. Kagerankanda watu walikuwa wanatengeneza barabara ya kijiji chao, kazi ya pamoja, na sisi tukajitolea kupika chakula cha mchana. Tukasonga ugali wa namna tatu, wa unga wetu, wa unga wao, na wa unga tuliousaga wenyewe kwa muhogo uliovundikwa lakini laini kama wetu. Mabakuli yakafanana, mboga ikawa moja, hatukutaja kipi ni kipi. Hatukuuliza mtu chochote wala hatukutoa kadi. Watu wakala, wakashukuru, wakasifia vyote sawasawa kama ilivyo desturi yao, wakarudi kwenye majembe. Walipoondoka tukaweka kila bakuli kwenye mizani na kupima kilichobaki. La unga wao lilikwanguliwa mpaka chini. La unga laini uliovundikwa likabaki na makombo. La unga wetu lilirudi limejaa, lina alama za vidole tu. Walikuwa wamelionja kwa heshima.

Nikatuma picha za mizani. Meneja akapiga simu, akaniuliza kila bakuli lilikuwa la unga upi. Halafu akasema, "Andika kama ilivyo." Nikaandika kama ilivyo. Kampuni haijakimbia. Wamekubali kujifunza kuvundika muhogo kabla ya kujenga mashine, na wakulima wa Kagerankanda wameambiwa wazi wasubiri kwanza. Mzee mmoja wa kule alinishika mkono akasema bora tumemwambia kabla hajang'oa maharage yake. Na kwa ajili ya kazi hiyo ndipo wakaniletea huu mkataba, nisimamie Kibondo na Kasulu mwaka mzima, mshahara umepanda. Nimefurahi, Mama, nakwambia kweli. Ni mara ya kwanza kwenye kazi hii najiona nimefanya kitu cha maana.

Sasa nirudi kwako. Kule mwanzo nimekuuliza habari za mguu moja kwa moja, lakini jibu lake nalijua. Nilitaka kukuuliza mambo ya pembeni. Nani anateka maji siku hizi. Maharage ya bondeni alivuna nani. Kwa shangazi ulikwenda lini mara ya mwisho, na ulikwenda kwa miguu au ulipandishwa pikipiki. Nilidhani nimekuwa mjanja. Lakini nimeyafikiria upya nikaona hata hayo utayajibu vizurivizuri, na shemeji atayaandika kama unavyosema. Mimi siku hizi ni mgeni kwako, Mama. Nikipiga simu unanipangusia kiti uani, unanikalisha, unanipa habari njema, na jikoni sifiki.

Basi nimeacha kalamu hapo, nikachukua simu nikaitafuta ile picha aliyoituma kaka kunionyesha bati jipya. Nimeitazama mara nyingi sana, hata Skolastika nilimwonyesha. Kila mara nilitazama bati. Leo nimetazama chini ya bati.

Umekaa barazani unacheka. Nyuma yako kuna mafiga, na majivu yake mapya. Jiko lako liko chini, mwisho wa zile ngazi za udongo alizochimba marehemu baba, na wewe hukuwahi kuruhusu moto karibu na nyumba, tulichapwa kwa kuchomea mahindi pale. Pembeni ya mlango kuna ndoo yenye mfuniko na kata juu yake. Kuna mti wa kupandishia maharage umeegemezwa ukutani, na juu pale pa kushikia pameng'aa kwa mkono. Mguu mmoja una kandambili. Mwingine umeuvuta chini ya kanga, na kanga imetuna hapo kifundoni.

Nimelia, Mama. Nimelia kama mtoto, na mwenye nyumba wangu ameniuliza kupitia dirishani kama nimefiwa. Sina hasira na wewe. Najua ulikuwa unanilinda, ili nifanye kazi bila mawazo. Lakini mafiga kupandishwa barazani si jambo la juzi, na mimi muda wote huo najisifu kwamba nimejua siri ya unga wa watu wa Makere.

Kwa hiyo jibu lako silihitaji tena. Mkataba narudisha kesho bila saini. Nitamwambia Meneja ampe kazi Skolastika, anaiweza kuliko mimi, na kama anataka kunisubiri mpaka nikuone, sawa, na kama hataki, sawa pia. Nisisikie umelia kwa ajili ya mshahara. Nimeamua nikiwa na akili zangu timamu.

Usimgombeze kaka wala shemeji, hawakufungua midomo yao, na mimi nawashukuru kwa ndoo ya maji. Kaka mwambie bati ni zuri, amefanya kazi ya kiume. Msalimie shangazi wa Mlalo, mwambie ile dawa yake ya kikohozi ndiyo iliyoniponya. Mjomba fundi cherehani msalimie, na umwambie suruali aliyonishonea bado haijafumuka hata uzi. Wajukuu wabusu wote kwa zamu wasigombane. Shemeji Mwanaidi, wewe nakusalimia mwenyewe hapa, na pole kwa kusoma mambo yanayokuhusu kwa sauti.

Barua hii inaletwa na Shemdoe, dereva wa lori la maharage, kijana wa kwetu Soni. Mpe chai. Atakwambia nimenenepa, mwamini. Nami nakuja nyuma yake. Nikifika tutakwenda hospitali ya Lushoto, wewe na mimi, daktari auone mguu kwa macho yake na wewe usimjibu chochote. Naomba mafiga yabaki barazani yalipo. Siku ya kufika sikutajii, ili usipate nafasi ya kupona kabla sijafika.

Mwanao anayekupenda na ambaye hababaishwi tena,
Ramadhani